Fataki za Mwaka Mpya: Tuliokwenda Pamoja Turudi Pamoja

Kila mwaka unapofika ukingoni, wakati watoto wamekwisha kurudi kutoka shuleni na fedha za kahawa zimeingia nyumbani, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za hapa Kyarumba na za jirani zetu wa Bwera: "Baba, mwaka huu tutakwenda Kasese kuona fataki?" Swali hilo ni la furaha, wala si vema mzazi kulijibu kwa hamaki. Familia nyingi, hasa za askari jeshi na za polisi, hukaa miezi mingi bila ya kukutanika wote mahali pamoja. Saa moja ya kusimama chini ya anga, baba, mama, watoto na wazee, wakitazama moto wa rangi unavyochanua gizani, ni hazina ambayo watoto wataikumbuka hata watakapokuwa na watoto wao.

Lakini, ndugu msomaji, furaha hiyo haiji bila ya matayarisho. Mimi mwandishi nilisomea ualimu, na leo ni mtumishi katika gombolola. Nilidhani najua kutayarisha safari ya watoto. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2024 nilijifunza kwamba nilikuwa nimetayarisha chakula na nguo tu, na nikasahau jambo lililo kubwa zaidi. Nitawasimulieni yaliyotupata, kisha tuyatazame pamoja yatupasayo kufanya.

SAFARI YETU

Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mama yangu mzazi ambaye umri wake umekwisha kupita miaka sabini. Tuliondoka Kyarumba mchana. Barabara yetu huteremka kutoka milimani mpaka tambarare, ikaungana na lami itokayo Mpondwe na Bwera. Lami hiyo hupita Kinyamaseke mpaka Kikorongo, na hapo gari hugeuka kaskazini kuelekea Kasese. Sehemu ya njia hiyo imepakana na mbuga ya wanyama ya Queen Elizabeth, na kila dereva wa teksi wa huku anajua kwamba tembo huvuka barabara saa yoyote apendayo. Kwa sababu hiyo tulikuwa tumeamua tangu nyumbani kwamba hatutarudi usiku. Tuliomba hifadhi kwa ndugu zetu mjini Kasese, nao wakatupokea kwa mikono miwili.

Mke wangu alikuwa amefungasha bundu ya muhogo, samaki wa kukaanga, maji yaliyochemshwa, na sweta moja kwa kila mtoto. Shuka alilichukua la kumfunikia kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka minne, endapo usingizi ungemshinda. Kwa upande wa tumbo na baridi, hakuna aliyeweza kutulaumu.

Tulifika uwanjani saa nne za usiku. Langoni tulimkuta shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni askari polisi na alikuwa zamu. Watoto walimkimbilia wakitaka kumshika mkono, naye akawasalimu kwa tabasamu, akawakagua kama alivyowakagua watu wengine wote, kisha akasema, "Karibuni, wajomba zangu. Simameni karibu na ukuta ule, msiende katikati." Tukamtii bila ya kuuliza sababu.

MLIO WA KWANZA

Saa sita kamili watu walianza kupiga vigelegele. Fataki ya kwanza ikapanda ikifoka, ikapasuka juu kwa mlio mkubwa, na anga lote likawa jekundu. Watoto wangu wawili wakubwa walipiga makofi. Nilipogeuka kumtazama mama, sikumwona.

Alikuwa chini. Alikuwa amemwangusha mjukuu wake mdogo kifudifudi, na yeye mwenyewe amemlalia juu, mikono yake ikiwa imemfunika mtoto kichwa. Mtoto analia, nyanya yake anamnong'oneza anyamaze, asije akasikiwa. Mbingu ilikuwa inang'aa rangi za kila namna, lakini sisi watu wa familia moja tulikuwa tumeinama chini tunamtazama mzee.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mnamo mwezi wa Novemba 1996, waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakaushambulia mji wa Mpondwe. Wakati huo tulikuwa tukiishi Bwera, nami nilikuwa mtoto wa miaka saba. Mlio wa kwanza wa bunduki ulipolia, mama yangu alinilaza chini akanifunika hivyo hivyo, kwa mikono hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimekua, nimesoma, nimeoa, nikasahau. Mwili wa mama haukusahau.

Tulimwinua, tukamketisha nyuma ya ukuta, mke wangu akampa maji. Alipotulia alisema maneno machache, bila ya hasira: "Mwanangu, ungaliniambia tu kwamba patalia, ningalikuwa tayari."

Sikuwa na la kujibu. Niliwaeleza watoto kila kitu kuhusu fataki isipokuwa mlio wake, na mama sikumweleza neno lolote, kwa kudhani kwamba mtu mzima hahitaji kuelezwa.

TUWAANDAE WATU WETU

Ndugu wasomaji, sisi tunaoishi chini ya milima ya Rwenzori na kando ya mpaka tuna sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko watu wa mahali pengine. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wakaua watu wasiopungua 40, wengi wao wakiwa wanafunzi. Kuna wazazi, ndugu na majirani ambao kwao kelele za ghafla usiku hazina maana ya sherehe. Wapo pia askari waliorudi kutoka vitani, ambao watoto wao hawaelewi kwa nini baba anashtuka mlango ukigongwa kwa nguvu. Si woga huo, wala si aibu. Ni mwili unaokumbuka yale uliyoyapitia.

Basi, kabla ya kwenda, yafaa mzazi awakusanye wote nyumbani, wadogo kwa wakubwa, awaambie wazi: saa fulani kutakuwa na milio mikubwa, itaendelea kwa dakika kadhaa, ni baruti ya sherehe, haimfuati mtu. Yule asiyependa kwenda asilazimishwe, wala asichekwe. Anayetaka kwenda lakini anaogopa mlio, na asimame mbali. Fataki huonekana vizuri hata kutoka umbali wa kilomita moja, na kwa umbali huo mshindo wake hupungua sana. Mtoto mchanga asipelekwe karibu kabisa, maana masikio yake ni mepesi. Na wale majirani wanaobaki nyumbani waambiwe pia, ili mshindo wa saa sita usiwakute usingizini.

Mifugo nayo isisahauliwe. Mbwa na mbuzi hawajui sikukuu. Wafungiwe mapema, wasije wakakata kamba wakapotea.

Kuna mchezo mmoja unaowasaidia sana watoto waoga, nao ni mchezo wa hesabu. Nuru hutufikia mara moja, lakini sauti husafiri angani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mtoto akiona fataki imepasuka na aanze kuhesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ikiwa mlio utafika baada ya sekunde tatu, ajue kwamba fataki iko mbali kiasi cha kilomita moja. Mtoto anayehesabu huungojea mlio badala ya kushtuliwa nao. Nilimfundisha kitinda mimba wetu mchezo huo siku iliyofuata, nikitumia mtu aliyekuwa akipasua kuni ng'ambo ya bonde.

RANGI ZATOKA WAPI?

Watoto watauliza maswali, na mzazi mwenye majibu huheshimiwa. Baruti iligunduliwa na Wachina yapata miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Huchanganywa kwa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Fataki hutiwa ndani ya bomba, utambi ukawashwa, baruti ya chini ikairusha juu. Kisha moto hufikia tumbo la fataki nayo hupasuka na kutawanya vipande vidogo viwakavyo.

Rangi hutokana na madini yaliyochanganywa katika vipande hivyo, maana kila madini yakiungua hutoa rangi yake. Nyekundu ni ya strontiamu, na kijani ni ya bariamu. Manjano ni ya sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi tuipikiayo. Mtoto anaweza kuliona jambo hilo nyumbani: chukua chembe chache za chumvi, hata ya Katwe, uzinyunyize motoni, nawe utaona ulimi wa moto ukigeuka manjano. Mzazi na awepo, na mikono ya mtoto iwe mbali na jiko.

Rangi ya buluu, ambayo mafundi wa fataki husema ndiyo ngumu kuliko zote kuipata vizuri, hutokana na shaba. Watoto wa Kasese wasisite kusikia hayo kwa majivuno, kwani shaba ndiyo iliyoujenga mji wao. Machimbo ya Kilembe yalianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule ambao reli iliyotoka Kampala ilifika Kasese, na shaba hiyo ilisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Mtoto akiona buluu angani, mwambie kwamba babu zake huenda walichimba madini ya namna hiyo hiyo.

HATARI HAIKO JUU, IKO CHINI

Wazazi wengi huogopa kwamba cheche zitamwangukia mtoto. Ni kweli kwamba fataki huunguza, lakini maafa makubwa ya Afrika katika sherehe za namna hii yalitokea ardhini, na yalitokea baada ya fataki kwisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, umati mkubwa ulikuwa umekusanyika katika jengo la maduka la Freedom City, Namasuba, katika barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Watu walikuwa na hamu kubwa ya sherehe, maana mwaka 2020 na mwaka 2021 amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imewaweka majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Saa sita ilipofika, waliokuwa katika tamasha walihimizwa watoke nje wakaone fataki. Fataki zilipomalizika, watu wakasongamana katika njia nyembamba. Wasiopungua tisa walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto na vijana. Mwandalizi wa sherehe alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya uzembe.

Miaka kumi kabla ya hapo, tarehe 1 Januari 2013, mambo kama hayo yalitokea mjini Abidjan, Côte d'Ivoire. Watu walikuwa wakirudi makwao baada ya kuona fataki za mwaka mpya, wakabanana njiani, na watu wapatao 60 wakapoteza maisha.

Tuangalie vema jambo hili. Katika misongamano ya namna hiyo, wengi hawafi kwa kukanyagwa kama tudhanivyo. Hufa kwa kukosa pumzi, kwa sababu kifua kimebanwa pande zote hata hakiwezi kupanuka. Walio nyuma hawaoni yanayotokea mbele. Wao husukuma kidogo tu, lakini misukumo midogo ya watu mia hukusanyika juu ya mtu mmoja. Hakuna aliyekusudia kuua, na bado watu hufa. Na mtoto, kwa kuwa kifua chake kiko chini penye kiuno cha mtu mzima, ndiye wa kwanza kukosa hewa.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, tuchague mahali penye kibali. Katika Uganda fataki haziwashwi ovyo. Polisi ndio watoao ruhusa, na kabla ya sikukuu hutangaza mahali palipoidhinishwa. Mahali pasipo na kibali pasituvutie, hata kama kiingilio ni bure.

Pili, tukifika tu, kabla ya kutafuta pa kuketi, tutazame njia za kutokea. Je, ni lango moja au mawili? Ni pana au ni jembamba? Likiwa ni moja tena jembamba, na watu ni wengi, ni heri kutazama fataki kutoka barabarani au kilimani.

Tatu, tukae pembeni, si katikati. Ndiyo maana shemeji yangu alituelekeza ukutani. Lakini tuhakikishe kwamba ukuta huo hauko kwenye njia ambayo umati utapita kutoka.

Nne, tukubaliane mahali pa kukutana endapo mtu atapotea, kama vile chini ya mti fulani au mbele ya duka fulani nje ya lango. Mtoto mkubwa akariri jina la baba yake, la mama yake na namba ya simu. Mdogo aandikiwe namba hiyo katika karatasi na kutiwa mfukoni. Kila mtu mzima awe na watoto wake wa kuwashika, wanaojulikana kwa majina, ili asije kila mmoja akadhani kwamba mwenzake ndiye aliyemshika.

Tano, na hili ndilo kubwa: fataki zikiisha, tusiondoke. Tuketi. Tule kile kilichobaki, tuimbe, tusimuliane. Nusu saa inatosha umati kupungua, nasi tutatoka tukitembea kama watu watokao kanisani.

Sita, mtu akijikuta amebanwa katika umati, asipige kelele wala asishindane nao. Aiweke mikono mbele ya kifua kama mpiganaji wa ngumi, apate nafasi ya kupumua. Asogee kidogo kidogo kwa mshazari kuelekea pembeni. Na akiangusha kiatu au simu asiiname kuiokota. Mtoto abebwe juu, asiachwe atembee.

Saba, fataki isiyolipuka isiguswe. Huenda moto bado umo ndani. Watoto wa milima yetu wana haja ya kujua zaidi: nchi yetu ilitangaza mwezi wa Desemba 2012 kwamba imemaliza kuyasafisha maeneo yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini, lakini kanuni waliyofundishwa wazee wao ingali ile ile. Chombo usichokijua, usikiokote. Kiache, ukamwite mkubwa.

Nane, aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, siagi, wala majivu, kisha apelekwe kituo cha afya kilicho karibu.

ALIYEIPA MBINGU MGONGO

Nirudi Kasese kumalizia kisa changu. Baada ya fataki kwisha tuliketi pale pale nyuma ya ukuta. Mama alikuwa amempakata mjukuu wake, na wote wawili walikuwa wamenyamaza. Tuliwaona watu wakielekea langoni kama maji ya Nyamugasani wakati wa mvua. Askari walikuwa wamesimama pande zote mbili, wakiwagawa watu makundi makundi, wakiwazuia hawa kidogo na kuwapitisha wale, kwa sauti ya upole lakini isiyo na mzaha. Hakuna aliyeanguka.

Tulipotoka tulimkuta shemeji bado amesimama mahali pake, shati limelowa jasho. Mtoto wangu wa pili akamwuliza, "Mjomba, uliona ile ya buluu?" Akacheka, akasema, "Sikuona hata moja. Nilizisikia tu. Kazi yangu ilikuwa kuwatazama ninyi."

Nimeyafikiri sana maneno hayo. Usiku ule watu wote waliinua nyuso zao juu, naye aliipa mbingu mgongo ili sisi tupate kuitazama. Katika kila wilaya wapo waume, wake na watoto wa watu ambao hufungua mwaka wakiwa zamu, wakati familia zao zinasherehekea bila wao. Basi anayekwenda kuona fataki na amwone pia askari aliye langoni, amsalimu, amtii anapoelekezwa. Na wewe askari unayesoma makala haya, ukipata likizo wakati mwingine wowote wa mwaka, ijulishe familia yako kwamba siku hiyo ndiyo sikukuu yao, hata kama mbinguni hamna moto.

Mwaka ujao mama amekwisha kukataa kwenda Kasese. Amesema ataketi juu ya kilima nyuma ya nyumba yetu, mahali ambapo tambarare yote huonekana, na kama kutakuwa na mwanga wowote huko mbali atautazama kutoka hapo. Watoto watatu wote wamesema wataketi naye, wamsaidie kuhesabu.